Povu la bia likifurika: mpira, chombo kikubwa, baridi, dawa au presha?

Saa nane usiku nilisikia mlio kama wa chupa ya soda iliyotikiswa halafu ikafunguliwa, kisha kitu kikagonga dari. Kilikuwa kizibo cha maji, kile cha plastiki tunachochomeka kwenye mfuniko ili gesi itoke na uchafu usiingie. Tundu lake lilikuwa limezibwa na kipande cha hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, kimenatana na utelezi wa hamira. Povu la rangi ya udongo lilikuwa linatiririka ubavuni mwa ndoo mpaka sakafuni. Bia yenyewe ilikuwa ya ngano, lita 23 ndani ya ndoo ya lita 25, na chumba kilikuwa na joto la nyuzi 27 za Selsiasi.

Kwa hesabu hiyo nilikuwa nimekosea mara mbili kwa mpigo: nafasi haikuwepo na joto lilikuwa limezidi. Tangu hapo nimetumia njia zote tano ambazo wapishi wa bia nyumbani hushauriana, na kila nikiulizwa ipi ichukuliwe huanza kwa kuuliza: povu lako limezidi kwa sababu chombo ni kidogo, au kwa sababu hamira imepata joto? Njia hizi hazitibu ugonjwa mmoja. Mtu anaweza kununua mpira mzuri kabisa wa kutolea povu, sakafu ikabaki kavu, na bado akapata bia isiyonyweka.

Kinachoendelea ndani ya ndoo

Hamira hula sukari ya kimea na kutoa pombe na gesi ya kaboni dioksaidi kwa uzito unaokaribiana. Kila gramu 100 za sukari hutoa takriban gramu 51 za pombe na gramu 49 za gesi. Lita 20 za maji ya kimea yenye uzito wa awali wa 1.050 kwenye haidromita, kifaa cha kupimia wingi wa sukari, zitatoa zaidi ya lita 400 za gesi kabla bia haijatulia, na sehemu kubwa hutoka katika siku mbili tatu za mwanzo. Gesi yote hiyo inapita kwenye tundu moja dogo la mfuniko.

Pamoja na gesi hutoka joto. Katikati ya ndoo ya lita 20, hamira ikiwa imechangamka, panaweza kuwa na nyuzi 3 hadi 5 zaidi ya chumba. Joto hilo huiharakisha hamira, nayo hamira ikienda kasi huzidi kutoa joto. Ndiyo maana ndoo iliyolala shwari jioni inaweza kuamka alfajiri inafoka.

Povu lenyewe hushikwa na protini za nafaka na utomvu wa hopsi. Ngano na oti zina protini nyingi zinazoshika viputo, na baadhi ya hamira, hasa za bia ya ngano, zina tabia ya kupanda juu na kukaa ndani ya povu. Hamira ya namna hiyo itafurika hata kwenye nyuzi 18, na haina kosa lolote. Inafanya kazi yake.

Njia rahisi ya kujua uko upande gani ni kubandika mkanda wa kipimajoto ubavuni mwa chombo, chini ya usawa wa bia. Hamira ya kawaida ya eli, yaani bia inayochachushwa kwa joto la wastani, ikionyesha nyuzi 18 hadi 21 na povu linamwagika, shida ni nafasi. Ikionyesha 25 na kupanda, shida ni joto, na povu ni dalili tu. Kuna hamira zilizozaliwa kwa joto, kama kveik za Norwei zinazofanya kazi vizuri kati ya nyuzi 30 na 40, kwa hiyo soma kwanza pakiti inasema nini.

Kizibo cha maji, mpira mwembamba, mpira mpana

Kizibo cha maji kinafaa kwa bia tulivu na kwa siku za mwisho. Kwa siku tatu za kwanza za bia yenye nguvu mimi sikiamini tena. Njia yake ya ndani ni nyembamba, ina kona, na povu likishaingia mle hubeba hopsi na mabaki ya kimea.

Wengi wakishapatwa na mkasa hutoa kifuniko cha kizibo, wakachomeka mpira mwembamba kwenye kijiti chake, na kuuelekeza kwenye chupa ya maji. Ni nafuu, na inapunguza mafuriko madogo. Lakini tundu la kwenye mfuniko ni lilelile. Gesi inapita mahali pamoja na palipoziba jana, na tofauti pekee ni kwamba sasa mafuriko yana mahali pa kwenda.

Mpira mpana ni habari nyingine. Nazungumzia mpira wa kipenyo cha ndani cha milimita 25 hivi, wa kupitishia vinywaji, unaoonyesha ndani. Kwenye dumu la kioo unaingia moja kwa moja shingoni na kubana. Kwenye ndoo unatoboa mfuniko na kuweka mpira wa kubana tundu. Ncha ya pili inazama sentimita mbili tatu ndani ya mtungi wenye maji na dawa ya kuua vijidudu, na mtungi unakaa chini kuliko ndoo. Kipande cha hopsi kilichoniamsha usiku ule kingepita humo bila kugusa ukuta. Kwa kuwa unaona ndani, unajua mapema kama kuna kitu kinajikusanya.

Mpira mpana nao una gharama zake. Kila kinachopita humo ni bia yako. Kwa chombo kilichojaa sana unaweza kupoteza kuanzia nusu lita hadi lita mbili, pamoja na hamira nyingi yenye afya na sehemu ya uchungu, maana utomvu wa hopsi hupenda kunata kwenye povu. Wapo wanaosema kutoa povu hilo la kahawia kunaifanya bia iwe laini. Mimi nimepika bia ileile kwa njia zote mbili na sikuona tofauti ya kunifanya niitupe bia mtungini.

Wazee wa kazi hii hawakukubali kuipoteza. Mwaka 1838 Peter Walker alipata hataza Uingereza ya mfumo ambao baadaye ulijulikana kwa jina la mji wa Burton. Mapipa yalipangwa safu, kila pipa lina bomba lililopinda kama shingo ya bata maji, povu linapanda na kumwagika kwenye hori lililo juu, hamira inabaki horini na bia inarudi pipani. Kiwanda cha Marston's kule Burton upon Trent kiliendelea kuutumia hadi 2024. Ukiuangalia vizuri, ni mpira wa povu wenye njia ya kurudi, na hiyo njia ya kurudi ndiyo sisi wa nyumbani hatuna.

Jambo la kuangalia sana: chombo kikipoa, gesi ya ndani husinyaa na kuvuta maji ya mtungini kupitia mpira. Kabla ya kuipoza bia ili itulie, toa mpira na urudishe kizibo. Na maji ya mtungi yabadilishe kila siku povu linapotoka, kwa sababu yanageuka mchuzi mtamu wa hamira ambao vijidudu vingine navyo vinaupenda.

Chombo kikubwa, au bia kidogo zaidi

Hii ndiyo njia ninayompa anayeanza, ingawa haina mvuto wa kifaa kipya. Weka lita 20 kwenye ndoo ya lita 30, na theluthi moja ya chombo inabaki wazi. Bia nyingi za kawaida zinatosheka na robo. Za ngano, au zenye uzito wa awali unaozidi 1.070, nazipa theluthi au zaidi.

Ikilinganishwa na mpira, faida ni kwamba hupotezi kitu. Povu linapanda, linagusa ukuta, linashuka, na hamira inarudi kazini. Hakuna mtungi wa kubadilisha wala mpira wa kusafisha. Ikiwa chombo kikubwa hakipatikani, punguza bia au igawe kwenye vyombo viwili. Lita 18 ulizozimaliza zote zinazidi lita 23 ambazo mbili zimeishia sakafuni na nyingine umezihifadhi kwa wasiwasi.

Watu huogopa kwamba nafasi kubwa italeta oksijeni. Wakati hamira inachemka hofu hiyo haina msingi, kwa sababu mamia ya lita za gesi yanaisukuma hewa nje. Inakuwa na msingi baadaye, bia ikishatulia na wewe ukaiacha wiki nyingi humo huku unafungua mfuniko kuchungulia. Basi bia ikikamilika itie chupani, usiikalishe humo.

Umbo nalo lina maana. Ndoo yenye mdomo mpana inalipa povu eneo la kutambaa, wakati dumu la kioo lenye shingo nyembamba linalibana pale pale linapotaka kutoka. Kioo kikiziba shingoni hakitoi onyo. Mfuniko wa ndoo utavimba kwanza kisha utaruka, lakini kioo hupasuka, na vipande vyake vina uwezo wa kumkata mtu vibaya. Dumu la kioo lisilo na mpira mpana silijazi zaidi ya robo tatu, kwa bia yoyote.

Kupoza

Hapa ndipo bia inapookolewa. Njia mbili za juu zinalinda sakafu na ujazo. Hii inalinda ladha, na ningekuwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu ningenunua baridi.

Hamira ya eli ikikimbizwa kwenye nyuzi 26 au 28 hutoa esta nyingi, yaani kemikali zenye harufu ya matunda, na pombe nzito. Unazijua ukinusa: harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, na ukali unaochoma koo kwenye bia ambayo wala si kali. Sehemu kubwa ya ladha hizo hutengenezwa katika saa 72 za kwanza, yaani wakati uleule povu linapofura. Hazitoki baadaye kwa kuiweka bia kwenye friji, na kuikalisha miezi mingi kunazipunguza kidogo tu.

Kati ya njia za kupoza, taulo lenye maji lililozungushiwa ndoo na feni ikilipuliza ndiyo rahisi, na hewa ikiwa kavu inafanya kazi ya kushangaza. Hewa ikiwa na unyevu mwingi maji hayavukizi, na taulo linabaki kuwa taulo bichi. Beseni kubwa ni la kutegemewa zaidi. Unaiingiza ndoo, unajaza maji mpaka yakaribie usawa wa bia, na asubuhi na jioni unatumbukiza chupa mbili tatu za maji yaliyoganda. Wingi wa maji hayo ndio siri yake, maana joto la bia haliwezi kuruka ghafla likiwa limezungukwa na lita 30 au 40 za maji. Friji yenye kidhibiti joto inazishinda zote mbili, mradi kihisio kibandikwe ubavuni mwa ndoo na kufunikwa na sifongo. Kikining'inia hewani kitakuambia habari za friji, huku bia ikiwa nyuzi 4 juu.

Namna ninavyofanya kwa eli: nayapoza maji ya kimea hadi nyuzi 17 kabla ya kutia hamira, nayaweka kati ya 17 na 19 kwa siku tatu, kisha naacha yapande hadi 20 au 21 kuanzia siku ya nne. Kupanda huko kwa mwisho kunaisaidia hamira kumaliza sukari na kula tena diasetili, ile ladha ya siagi. Kutia hamira kwenye maji ya nyuzi 28 kwa matumaini kwamba yatapoa usiku ndiko kulikoniletea mkasa wangu, kwa sababu hamira haikusubiri.

Ukigundua umechelewa, usimimine barafu ndoo nzima. Hamira ikishtuliwa na baridi huzama na kulala, na bia inabaki tamu nusu njia. Shusha nyuzi moja au mbili kwa kila saa chache. Na usijaribu kutuliza kasi kwa kutia hamira kidogo mno. Inachelewa kuanza, inazaliana kwa shida na ladha mbaya huongezeka. Pakiti ya gramu 11 ya hamira kavu inatosha lita 20 za bia ya nguvu ya kawaida.

Dawa ya povu

Ni matone ya simethikoni, dawa ileile iliyomo kwenye matone ya kuondoa gesi tumboni mwa watoto wachanga. Inalegeza ngozi ya viputo navyo vinapasuka vikiwa vidogo. Matone machache kwa lita 20, kwa kipimo cha kwenye chupa yake, hushusha povu kwa namna inayoonekana ndani ya dakika.

Kwa anayepika kwenye chombo kidogo na hana namna ya kukibadilisha, ni msaada wa kweli. Tofauti na mpira, inakuachia bia yako yote na uchungu wote wa hopsi. Hofu ya kwamba bia itakosa povu kwenye glasi mara nyingi haitimii, kwani dawa hushikamana na hamira na kuzama nayo. Ila bia ya ngano inayonyweka na mawingu yake siitii dawa hii, sababu hapo unakunywa pia kile kilichopaswa kuzama. Tumia iliyotengenezwa kwa ajili ya bia. Ya watoto mara nyingi huwa na vitamu na vionjo.

Dawa haishushi joto hata kidogo, na inaondoa ile dalili ambayo ingekuonya. Usiitumie bila kipimajoto.

Presha

Hapa unachachusha ndani ya kegi ya chuma au chombo cha plastiki kilichotengenezwa kuhimili presha, kikiwa na vali inayoshikilia baa 0.7 hadi 1 na kuachia inayozidi. Presha hulikandamiza povu na kuibana hamira isitoe esta nyingi, kiasi kwamba wengi hupika laga kwenye nyuzi 18 hadi 20 badala ya 10 au 12 za kawaida. Kwa mtu asiye na friji, hilo si jambo dogo.

Lakini ni njia ghali kuliko zote, na ndiyo yenye hatari kubwa ikifanywa kwa kubahatisha. Povu likifika kwenye vali linaiziba, na sasa umefungia bomu. Bado unahitaji robo ya nafasi juu, pamoja na vali ya pili ya usalama. Ndoo ya kawaida na dumu la kioo havina nafasi hapa kabisa. Pia haifai kwa bia ambayo uzuri wake unatokana na esta, kama ya ngano yenye harufu ya ndizi; utaipata imepooza.

Uchague ipi

Ukiwa na ndoo ya lita 30 na chumba kisichozidi nyuzi 20, punguza ujazo, weka kizibo cha maji, na huhitaji kununua chochote. Chumba kikiwa nyuzi 25 au zaidi, beseni lije kabla ya mpira. Ukiwa na dumu la kioo la lita 23 na unataka lita 20 kamili, mpira mpana ni wa lazima, na matone ya dawa yatakupunguzia hasara. Kwa bia kali sana, pamoja na hayo yote, sehemu ya sukari nyeupe unaweza kuitia siku ya tatu au ya nne badala ya mwanzoni, na moto unagawanyika. Presha iwe ya anayependa laga na ambaye tayari ana kegi.

Ile bia ya ngano niliirudia miezi miwili baadaye: lita 18 kwenye ndoo ya lita 30, mpira mpana, beseni, nyuzi 18. Povu lilipanda likasimama vidole vinne chini ya mfuniko. Mpira haukupitisha hata tone. Harufu ya karafuu ilijaa chumbani.

Na kama unasoma haya huku mfuniko umevimba: usiinamishe uso juu yake. Funika kwa taulo, legeza ukingo mmoja taratibu gesi itoke, ndipo utoe kizibo. Kwa dumu la kioo ongeza kinga ya macho na glavu nene. Fungua dirisha, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini ya chumba kilichofungwa. Osha kizibo, kitie dawa ya kuua vijidudu, na kama povu bado linatoka usikirudishe; funika tundu kwa karatasi ya alumini safi iliyolegea mpaka kasi ipungue. Mradi gesi inasukuma nje, uchafu hauna njia ya kuingia, na bia usiimwage.

Mpira nao uoshe siku ileile unapoutoa. Utando wa hopsi na hamira ukikaukia ndani ni vigumu kuutoa kwa brashi au kwa dawa, na mpira wa hivyo ni wa kutupa.